Jikoni kwa Gavana

Tabora ina watu wanaojua asali, wanaojua mninga, na wanaojua nani alimwoa nani tangu babu wa babu zao. Aliyejua siasa za Marekani kwa kusoma vitabu alikuwa mmoja tu, Hafsa binti Nurdini, na kwa elimu hiyo alichekwa mpaka akazoea. Wapo waliomwita Balozi. Wapo waliomuuliza sokoni kama huko Marekani vitunguu vimepanda bei. Hafsa alikuwa anawajibu wote, tena kwa kirefu, na ndiyo maana wengine waliacha kumuuliza.

Vitabu vyenyewe alivipata kwa Twalibu, muuza vitabu aliyetandaza turubai lake karibu na Soko Kuu. Vilikuwa vinaingia mjini pamoja na marobota ya mitumba. Vya mapenzi viliondoka siku hiyo hiyo, vya dini vilipata wenyewe, vya kompyuta vilinunuliwa na wanafunzi hata kama kompyuta zenyewe zilishakufa. Vya siasa za Marekani vilibaki vinapigwa jua.

"Huyu mgombea kwenye jalada alishashindwa zamani," Twalibu alikuwa akimwambia. "Wenyewe wamemtupa. Wewe unamwokota wa nini?"

"Nataka kujua aliyeandika habari zake alikuwa amesimama wapi," Hafsa alijibu.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila kitabu. Hafsa alisomea uandishi wa habari, akarudi nyumbani na cheti kizuri na ajira hakuna. Alichopata ni nusu saa kila Jumapili, saa kumi alasiri, kwenye Redio Mninga, kituo kidogo kilichokuwa kwenye nyumba ya kupanga kule mtaa wa Isevya. Kipindi alikiita Kurasa za Jumapili. Alikuwa anakisimulia kitabu kwa Kiswahili kilichonyooka, kisha anatoa maoni yake bila kupepesa macho. Kuna mwandishi aliyezunguka na mgombea wa urais kwenye basi la kampeni, akaandika kitabu kinene kama tofali. Hafsa alikimaliza kwa maneno machache. "Nimejua mshauri wa mgombea hapendi kitunguu kwenye kachumbari. Mpiga kura sijamwona hata mmoja." Kingine kilihusu gazeti la mji mdogo lililokufa kwa kukosa wasomaji, na jinsi madiwani wa pale walivyoanza kujigawia viwanja mara tu mwandishi wa mwisho alipofunga ofisi. Kwa hicho Hafsa alilia hewani, sauti ikakatika, na wafugaji wa Igunga walipiga simu kumpa pole kana kwamba amefiwa.

Kwa hiyo wasikilizaji alikuwa nao. Lakini Eliya, meneja wa kituo, hakuwahesabu hao kuwa wasikilizaji. Eliya hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na sikio moja tu, nalo lilielekea kwa vijana.

"Dada Hafsa, mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia mchana mmoja. "Lakini Jumapili alasiri watu wanataka singeli. Gavana wa Marekani anatuhusu nini sisi?"

Gavana huyo ndiye aliyeleta yote. Kitabu kilikuwa kimeandikwa na mwandishi mashuhuri wa huko, na jina lake, kwa Kiswahili cha Hafsa, lilikuwa Jikoni kwa Gavana. Mwandishi alikaribishwa nyumbani kwa gavana wa jimbo moja, akala naye, akasikia yote yaliyosemwa mezani. Siku moja alisikia kwamba tuta lililozuia mto usiingie mjini lilikuwa limeoza, na wakubwa walijua. Hakuandika gazetini. Aliitunza habari hiyo hadi kitabu kitoke. Katikati ya hapo mvua zikanyesha, tuta likakatika, mitaa ikazama. Mwaka uliofuata kitabu kikatoka, gavana akaanguka, mwandishi akapewa tuzo. Habari ya tuta ilikuwa sura ya tisa.

Hafsa alisema hewani, "Huyu amekula kwa gavana mpaka akasahau ametumwa na nani."

Maneno hayo yakarekodiwa na mtu, yakaingia kwenye makundi ya simu, yakasafiri mpaka Dar es Salaam, yakamfikia Sabiri. Sabiri alikuwa mwandishi mkubwa wa magazeti, mtoto wa Itetemia, hapa hapa Tabora, aliyepaa, na ukurasa wake ulisomwa nchi nzima. Alikuwa amekisifu kitabu hicho kuliko chochote alichowahi kukisifu. Akajibu kwa sentensi moja tu, ya pembeni, kama mtu anayefukuza inzi. Alisema imesikika sauti ya mkoani ikimfundisha kazi mwandishi wa ikulu, sauti ambayo haijawahi kuingia hata jikoni kwa diwani.

Hafsa aliisoma sentensi hiyo kwenye simu ya Twalibu, akaumia, kwa sababu ilikuwa kweli. Jikoni kwa diwani hajaingia. Hata sebuleni hajaingia.

Eliya naye aliisoma, akaona neema. Sabiri alikuwa anakuja nyumbani kumwoza mpwa wake. Akampigia, akamwomba aje kituoni wajadili kitabu na Hafsa mbele ya watu, moja kwa moja hewani. Sabiri akacheka, akakubali.

"Sikiliza, dada," Eliya akamwambia Hafsa. "Ukimmudu, kipindi ni chako, sitakigusa tena. Akikuangusha, Jumapili inayofuata ni singeli. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Hafsa alisema.

Alijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani wa taifa. Alikirudia kitabu chote, akabandika vikaratasi, akajifunza namna ya kusema "kwa heshima na taadhima" bila kukwama. Alishona baibui mpya. Alifikiria kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho ndicho kingemmaliza.

Jumapili ilipofika, ua wa Redio Mninga ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya miti ya uzio. Kulikuwa na meza moja, vipaza sauti, na viti vya plastiki vilivyokopwa msibani. Sabiri aliingia na kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono, nakala yake ya kitabu kwapani, jalada gumu, siyo la mtumba. Watu wakasimama. Hafsa akakunja goti mpaka karibu na ardhi.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu."

Basi, mambo yakaharibika pale pale. Kuanzia marahaba ile Hafsa alikuwa mtoto na Sabiri alikuwa baba, na mtoto habishani na baba mbele ya wageni. Kila Hafsa alipoanza hoja aliitanguliza na heshima, heshima ikawa ndefu kuliko hoja, na Sabiri akaipokea heshima kwa tabasamu, hoja akaiweka pembeni.

Tena Sabiri hakuwa mjinga. Mtu akisema alishinda kwa kanzu tu atakuwa anamwonea. "Mwanangu," alisema, "habari ya gazeti inasomwa asubuhi, jioni inafungiwa vitumbua. Kitabu kinakaa. Huyu bwana angeandika habari ya tuta siku ile, mlango wa gavana ungefungwa, na mengine yote tusingeyajua. Gavana angekanusha, angebaki madarakani mpaka leo. Halafu kuna jambo la amana. Aliambiwa kwa siri, mezani kwa watu, akiwa mgeni. Wewe ni binti wa Kiislamu, hujui uzito wa amana?"

Ua ukaguna kwa kukubali. Neno amana Tabora lina uzito wake.

"Kwa heshima na taadhima, mheshimiwa," Hafsa alianza, "mimi kwa maoni yangu madogo..."

"Usiyaite madogo, mwanangu. Yatakua."

Watu wakacheka. Hafsa akahisi masikio yanawaka moto. Alitazama vikaratasi vyake, navyo vikamtazama. Pembeni Eliya alikuwa ameshaanza kutikisa mguu kwa mdundo ambao wengine hawakuusikia, na Hafsa aliujua ni mdundo gani.

Ikaja zamu ya simu. Wa kwanza alikuwa Mhoja, mfugaji wa Igunga, msikilizaji wa kila wiki. "Mwadila!" alisalimia kwa Kisukuma. "Mimi nauliza moja tu. Hao waliofunikwa na maji, walikuja kujua lini kwamba tuta lilikuwa bovu?"

"Waliposoma kitabu," Hafsa alijibu kwa sauti ndogo. "Wale waliobaki."

"Haya," alisema Mhoja, na akakata. Sabiri akadakia haraka kwa kueleza jinsi tuzo za huko zinavyotolewa.

Hapo ndipo aliposimama Bi Siwema. Huyu alikuwa muuza kanga, Mnyamwezi wa mjini, jirani wa ukoo wa Hafsa tangu Hafsa hajazaliwa, na kipaza sauti hakuwahi kukihitaji.

"Wewe Hafsa!" alipaza. "Hebu niambie. Marehemu baba yako alikuwa Mzaramo wa wapi?"

Hafsa akashangaa. "Wa Kisarawe, Bi Siwema."

"Na huyu bwana ni Mnyamwezi wa wapi?"

"Wa Itetemia," watu wakajibu kwa pamoja.

"Sasa tangu lini Mzaramo akampigia goti Mnyamwezi? Umetuharibia Jumapili yetu! Huyo ni mtani wako, siyo kadhi!"

Ua ulilipuka. Watu walipiga viti, mtu mmoja akaanguka kutoka kwenye uzio, na Twalibu aliyekuwa mstari wa mbele alicheka mpaka akashika mbavu. Wiki nzima ya kusoma, na Hafsa hakuwa amekumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Tabora analijua. Babu zake Sabiri walipokuwa wapagazi wa misafara, wakishuka na pembe na kupanda na vitambaa, njia iliwapitisha Uzaramo, na huko ndiko walikogombana, wakapatana, wakawa watani. Baba yake Hafsa, fundi wa reli, alikuwa anakwenda kwenye mazishi ya Wanyamwezi, anashuka kaburini, anajilaza, anakataa kutoka mpaka wafiwa wamwombe. Wafiwa walimtukana, wakamlisha, na hakuna aliyekasirika. Kukasirika hakuruhusiwi. Mtani anasema neno ambalo ndugu hawezi, na unalimeza.

Na yeye mtani wake amempa shikamoo! Aibu ilimpanda Hafsa, ikageuka kicheko, na kicheko kikashuka kikawa nguvu. Alivikusanya vikaratasi vyake vyote akavikalia.

"Sabiri," alisema.

Hakuna mheshimiwa.

"Nirudishie shikamoo yangu. Nilikupa kwa makosa."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Sabiri aliinua nyusi, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, na mtu wa Itetemia akatokeza ndani ya ile kanzu ya Dar es Salaam.

"Alaa! Mzaramo amerudi!" alisema. "Nilidhani umeshauza mnazi wa baba yako na ulimi pamoja nao."

"Mnazi niliuuza kwa Mnyamwezi, akaubeba kichwani mpaka Ujiji kwa sababu hajui kutembea bila mzigo."

"Heri yetu tunaobeba. Nyie mnasubiri ngoma ilie."

"Basi tuzungumzie mizigo," alisema Hafsa, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya kila Jumapili, ile wanayoijua Igunga na Nzega. "Umeniambia habari ya amana. Vizuri. Babu yako alipopewa mzigo pwani aulete huku, ule mzigo ulikuwa wa nani?"

"Wa tajiri."

"Siyo wa babu yako?"

"Siyo wa babu yangu, lakini..."

"Lakini mzigo umeshautua, Mnyamwezi, usiunyanyue tena. Mzigo ulikuwa wa mwenyewe, naye babu yako alikuwa miguu. Akiufikisha ni mtu mwaminifu. Akikaa nao kambini mwaka mzima, akaufungua, akajishonea kanzu, huyo tunamwitaje?"

"Mwizi!" watu wakapokea.

"Mimi sijasema, wamesema ndugu zako. Sasa huyu bwana wa kitabu alipokaa mezani kwa gavana, nani alimpeleka pale? Gazeti. Nani ananunua gazeti? Wale watu wa chini ya tuta. Habari ya tuta ilikuwa mzigo wao. Wewe unasema amana ilikuwa ya gavana. Mimi nasema gavana alikuwa na siri, na siri ya kuwazamisha watu haina mwenyewe wa kutunziwa. Amana ilikuwa ya wale waliolala chini ya maji. Mpagazi wako alikaa na mzigo mpaka soko likafungwa, halafu akaja kuutua kwenye karamu, akapigiwa makofi."

Sabiri alikunja ndita. Alikuwa anafikiri kweli sasa, na hilo lilimpendeza Hafsa kuliko kelele zote. "Na mlango?" aliuliza. "Mlango ungefungwa, Hafsa. Hilo hujalijibu."

Alimwita kwa jina. Hafsa aliliona, akalihifadhi moyoni.

"Mlango ungefungwa, ndiyo," alisema. "Mimi hilo siwezi kulipinga, umeniandika mwenyewe kwamba hata jikoni kwa diwani sijaingia. Lakini mlango unaobaki wazi kwa sababu mgeni amenyamaza, huo siyo mlango wa mwandishi, ni mlango wa mkwe aliyekuja kula na kunyamaza. Mtani anaingia nyumbani kwako, anakula, na anasema. Tena anasema kabla kaburi halijafukiwa, mbele ya wafiwa, si mwaka unaofuata. Huyu bwana alingoja mazishi yaishe, kila mtu arudi kwake, ndipo akashuka kaburini kutania. Nani anamsikia huko chini?"

Bi Siwema alipiga kigelegele kilichokwaruza spika. Hafsa hakumsubiri amalize. Alinyoosha mkono, akakitwaa kile kitabu cha jalada gumu kilichokuwa mbele ya Sabiri, akakikumbatia kifuani.

"Nimekamata!" alisema.

Kila mtu alielewa. Mtani akikamata kitu chako, kimekamatwa. Utakikomboa kwa sharti lake au utakiaga. Sabiri alitua mikono yake mezani, mitupu.

"Sharti?" aliuliza.

"Swali moja, na ujibu kweli. Ungekuwa wewe pale jikoni, umesikia kwa masikio yako kwamba tuta limeoza, na gazeti lako linachapwa siku hiyo. Ungeandika, au ungengoja kitabu?"

Ilikuwa rahisi kusema angeandika. Mtu yeyote angesema hivyo, na Hafsa aliogopa atasema hivyo, kwa sababu asingekuwa na la kumfanya. Sabiri alifungua mdomo. Aliutazama ua, akamtazama Bi Siwema, akatazama spika iliyokuwa inapeleka pumzi yake mpaka Igunga. Angekuwa kwenye ukurasa wake angepata sentensi nzuri. Lakini alikuwa mbele ya mtani wake, na mtani wake alikuwa ameshika kitu chake.

"Ningengoja," alisema.

Hakuna aliyezomea.

"Ningengoja," alirudia, "na ningejiambia ni amana. Kumbe tamaa." Kisha akavua kofia yake, akaiweka mezani, na akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeanguka kwenye matope na kuona hakuna namna. "Mzaramo, umenikamata. Na mtu akipigwa na mtani wake hana pa kwenda kushitaki. Jamani, ameshinda!"

Hapo ua haukushikika tena. Watu waliimba, Twalibu alinyanyua kiti juu akakishikilia huko huko, simu ya kituo ililia bila kukoma na hakuna aliyeishughulikia. Hafsa alisimama. Hakujua kama anacheka au analia, na hakujali. Miaka yote alikuwa akisoma habari za watu walioingia kwenye vyumba ambavyo yeye hataingia, akiwahukumu kutoka Isevya, na moyoni akiwa na hofu kwamba labda hana haki hiyo. Sasa hofu ilikuwa imetoka, nzima nzima, na alijisikia mwepesi na mkubwa kwa wakati mmoja. Alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi tangu mwanzo, na sasa kila mtu alikuwa anajua.

Eliya alikuja mezani kufunga kipindi. Nusu saa ilishapita zamani, na zamu ya muziki ilikuwa imeliwa yote.

"Bado!" watu wakapiga kelele. "Bado!"

"Na kitabu changu?" Sabiri aliuliza kupitia kelele hizo, mkono umenyooshwa. "Nimejibu kweli, nirudishie."

"Umejibu kweli, lakini umejibu vibaya," Hafsa alisema. "Sikirudishi leo."

"Nitakipata lini, basi?"

Hafsa alifumbua mdomo, lakini Eliya alimtangulia. Aliinama kwenye kipaza sauti, akalainisha koo, akatumia ile sauti yake nene ambayo huwa anaitunza kwa ajili ya matokeo ya mpira.

"Jumapili ijayo, saa kumi kamili alasiri," alitangaza. "Na kila Jumapili. Na Hafsa binti Nurdini."

Hafsa akakitia kitabu mkobani, akavuta zipu.